Mguu Usiosikia Breki

6 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungeshaniamkia, kwa hiyo nimeitikia mapema. Sisi tunapumua. Mkaza mjomba wako anakusalimu, ila amenuna: paka wake amezaa ndani ya kabati, juu ya mashati yangu ya kazi, na mimi nimekatazwa kumfukuza. Chuo chetu cha udereva kimeletewa gari jingine la kufundishia. Gea ya pili haiingii mpaka uibembeleze.

Usinune kwa kuwa sikupigii simu. Wewe kwenye simu husikilizi maneno, unasikiliza pumzi. Juzi nilikohoa mara moja ukanihoji kama polisi. Barua haikohoi.

Basi, dripu nimeanza. Kama daktari alivyokwambia, ule uvimbe wa utumbo walioutoa ulikuwa umeshatuma watoto kwenye ini. Anasema dawa hazitawamaliza, ila zinaweza kuwalaza. Hilo nimelisikia na nimelimeza, tusilirudie.

Kuna nesi wa chumba cha dripu, mama mnene mwenye sauti ya gwaride. Nimempa jina la Sajenti. Siku ya kwanza kabla hajanigusa na sindano alivuta kiti akakaa.

"Ukiwa nyumbani mwili ukachemka, utafanya nini?"

"Nitameza kidonge cha homa nilale."

"Utakufa. Dawa hizi zinaua na askari wa mwili wako. Ukimeza kidonge unaficha homa, na hakuna anayepigana. Kipimajoto hiki chako. Ikizidi hapa, unakuja, hata kama ni sikukuu. Haya, nirudishie nilichosema."

Nikarudisha kama mtoto wa chekechea. Akaniambia, "Mimi nakuona siku ya dripu tu. Siku nyingine zote nesi ni wewe."

Halafu akasema dawa mojawapo inauma mishipa ya fahamu ya vidole na nyayo, kwa hiyo kila nikija atanitaka nifungue na kufunga vifungo vya shati mbele yake. Nikamwambia, Sista, mke wangu akisikia navua shati mbele yako itabidi tuite wazee. Hakucheka hata kidogo. Nimempenda.

Mjomba


1 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo yake. Mimi mzima. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani bila kumwambia mtu, na sasa jengo zima tumetapakaza nyayo za kijani mpaka ndani ya vyumba. Amekasirika yeye.

Huyo Sajenti wako nampenda kabla sijamwona. Hiyo ndiyo kazi yangu pia, Mjomba, watu hawaijui. Wanadhani nesi wa wodi ya saratani kazi yake ni sindano. Sindano ni dakika chache. Siku nzima nakaa kwenye kistuli nikimfundisha mtu mzima, aliyelea watoto na kuzika wazazi, namna ya kujiangalia mwenyewe akirudi kwake: kinywa kikipata vidonda asukutue na nini, akiharisha anywe vipi, lini avumilie na lini asivumilie kabisa. Hilo la mwisho ndilo gumu. Watu wazima wamezoea kuvumilia.

Nina mgonjwa mmoja, mama mwokaji mikate, anatumia dawa kama yako. Akifungua friji anavaa glavu, maana baridi inamchoma kama moto. Majuzi aliingia akatangaza kutoka mlangoni, "Sista, leo vidole vimelala havikuamka." Tukamwambia daktari, dozi ikapunguzwa, sasa anakanda unga tena. Dozi kupunguzwa si kushindwa, Mjomba. Naona bora nikuambie mapema.

Kwa hiyo: vidole vyako vikoje? Nyayo je?

Likizo nimeomba. Nikipata nitakuja.

Mpwa wako


19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Paka wamegawiwa majirani, nimerudishiwa kabati langu likiwa na manyoya. Mkaza mjomba wako amelia siku nzima kwa ajili ya paka. Kwa ajili yangu bado hajalia, nimemwambia nina kidonda cha tumbo kinachotibiwa kwa dripu, na ameridhika. Usije ukaniharibia.

Nina mwanafunzi mpya, mama mtu mzima. Mumewe amefariki akamwachia gari uani, na watoto wanataka liuzwe. Amekataa, anataka kuliendesha. Klachi anaikanyaga kama anaua nyoka. Nimempa jina la Bibi Klachi, na yeye ananiita Mwalimu Usiogope, kwa kuwa ndilo neno ninalomwambia toka geti mpaka geti. Nguzo ya geti la chuo imepinda kidogo. Mwanafunzi mmoja alipitiliza wakati wa kurudi nyuma.

Unauliza vidole. Viko kumi, nimevihesabu. Nyayo ni mbili.

Maji ya baridi ndiyo sishiki tena. Viatu vya kamba pia nimeviacha, navaa ndala, joto limezidi. Na chumba cha dripu naenda na fulana, ni rahisi zaidi kuliko mashati. Sajenti amenikazia macho, hakusema kitu.

Mwokaji wako mpe salamu. Mwambie kuna mwalimu wa udereva anayeogopa friji kama yeye. Na likizo yako vipi?

Mjomba


5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Naomba unijibu.

Viatu vya kamba umeviacha kwa sababu ya joto, au kwa sababu huwezi tena kufunga kamba? Fulana unavaa kwa kuwa ni rahisi, au kwa kuwa haina vifungo vya Sajenti kukupimia? Na mwanafunzi aliyegonga nguzo jina lake nani? Wanafunzi wote huwapa jina la utani. Huyu hukumpa.

Najua unachohofia. Ukisema kuna ganzi, dawa itapunguzwa, na unadhani kila tone wanalopunguza ni siku wanayokukata. Nimewaona wengi wanaofikiri hivyo. Mwingine alinificha mpaka akaanguka kwenye ngazi akiwa amebeba sufuria ya maji moto.

Nina namba ya hospitali yenu. Ningeweza kupiga leo nikamwambia Sajenti. Sitapiga. Mwili ni wako, na kazi ni yako, na ukishasemewa mara moja utaniona mimi ndiye mwenye kusema siku zote. Ila gari si lako peke yako, Mjomba. Barabara ina watu.

Mwambie.

Mpwa wako


28 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako mzima, anakusalimu.

Nimekaa na karatasi hii siku nyingi. Mwandiko utauona mwenyewe. Kalamu naiona mkononi, siisikii.

Nguzo niligonga mimi.

Hilo dogo. Kubwa ni hili. Nilikuwa na Bibi Klachi kwenye mteremko wa sokoni. Alikuwa anaendesha vizuri siku hiyo, nikamsifu. Mtu mmoja mwenye baiskeli, amebeba makreti ya mayai, akakatiza mbele yetu. Bibi Klachi aliganda, mikono kwenye usukani, macho wazi. Hilo si kosa lake, ndiyo maana mwalimu ana breki yake ya pili. Nilikanyaga. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, na gari likaendelea. Nilipotazama chini mguu wangu ulikuwa pembeni ya pedeli, umekanyaga zulia. Sikujua, mwanangu. Kama nisingetazama, mpaka leo ningeapa kwamba niliishika breki.

Mwenye baiskeli tulimgonga, lakini hakufa. Mguu umevunjika juu ya goti. Mayai yalitapakaa barabara nzima, watu wakawa wanateleza wakija kumwinua.

Nilikwenda kumwona wodini, mguu umening'inizwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema breki ilifeli. Akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulijua mguu wako ni mbovu?" Nikasema nilijua. Akageuzia uso ukutani. Nimekwenda tena mara kadhaa, hajaugeuza. Mke wake hupokea nilichobeba, anakiweka chini.

Bibi Klachi amewaachia wanawe lile gari waliuze.

Siku ya dripu nilivaa shati. Nilikaa mbele ya Sajenti nikajaribu kifungo cha juu, nikajaribu, jasho likanitoka. Akaacha nihangaike mpaka nilipoweka mikono chini mwenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Nilidhani atafoka. Alivuta pumzi, akanivua ndala, akapitisha pamba kwenye nyayo zangu akiniuliza nasikia wapi. Sikusikia popote chini ya vifundo. Akasema, "Mimi nilikuona na fulana nikanyamaza. Nilikungoja useme. Nilikosea kungoja, na wewe ulikosea kuficha, na mwenye baiskeli hakukosea chochote." Halafu akaanza kunifundisha, hapo hapo: nikague nyayo kila jioni kwa kioo kama kuna jeraha, nipime maji ya kuoga kwa kiwiko, nisitembee pekupeku. Na gari basi. Hilo alilisema kwa sauti ya chini, sijawahi kumsikia nayo.

Ile dawa wameisimamisha. Nyingine inaendelea. Picha ya ini wamepiga. Ya picha tutaongea siku nyingine.

Mwokaji hajambo? Nilimtumia salamu hukunijibu.

Mjomba


15 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mtu wa baiskeli ulimjibu ukweli. Nakushukuru kwa hilo, ingawa najua haimsaidii.

Huku salama. Rangi ya ngazi imekauka. Jirani wa juu ameanza kujifunza tarumbeta, na wimbo anaoujua ni mmoja.

Ganzi inaweza kupungua polepole. Inaweza isipungue. Usiku ikikuwasha na kukuchoma, usivumilie, mwambie Sajenti, kuna vidonge vya mishipa. Mkaza mjomba akukate kucha, usikate mwenyewe.

Picha inasemaje?

Kuhusu likizo, bado tuna upungufu wa watu hapa. Nitakujulisha.

Mpwa wako


2 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Hukunijibu tena kuhusu mwokaji. Nimeelewa. Pole, najua ulimpenda.

Nami nisikufiche. Picha inasema watoto wa ini wamekua, wana wajukuu. Daktari alinionyesha madoa kwenye kioo cha kompyuta. Alisema wanaweza kunitundikia dripu nyingine, lakini kwa hali ya damu yangu itanimaliza kabla ya ugonjwa. Nikamuuliza, kama ningesema ganzi mapema, wakabadilisha mambo mapema, ingekuwaje? Akasema huenda ingekuwa hivi hivi. Hilo "huenda" nalala nalo.

Nilidhani Sajenti sasa atanikabidhi kwa wengine, dripu si zimekwisha. Alivuta kiti chake kama siku ya kwanza.

"Kazi yako haijaisha," akasema. "Imebadilika. Unataka nini?"

"Nataka kupona."

"Hicho sina. Kingine?"

Nikamwambia nataka nifie kitandani kwangu, sitaki mirija, na sitaki kupiga kelele mke wangu akanisikia. Akasema, "Haya. Hayo tunayaweza." Akanifundisha mofini. Nilidhani ni dawa ya siku ya kufa. Kumbe inanywewa kwa saa, kabla maumivu hayajafika, wala si baada. Inafunga choo, kwa hiyo kuna na ya kulainisha. Kikombe cha kupimia amekibandika plasta kwenye mstari, kwa kuwa sioni vizuri na vidole havishiki. Mkaza mjomba wako anamimina, mimi naangalia plasta, nasema "hapo". Nikisinzia kupita kiasi najua nipunguze nini na nimpigie nani. Kipimajoto kiko kwenye droo, siku hizi hakina kazi.

Ndiyo, nimemwambia. Ilibidi, kwa ajili ya kumimina. Nilianza kwa kuzunguka, kidonda hiki, kidonda kile. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Baba, mimi nimekufunga vifungo tangu mwezi wa tatu. Ulidhani nilifikiri ni nini?" Akaendelea kukunja. Alilia baadaye, kwenye nguo zilizokwisha kukunjwa, akazikunja upya.

Sasa nakuomba jambo, na sijawahi kukuomba. Mama yako aliponiachia wewe ulikuwa mdogo, hukunisumbua hata siku moja. Nisumbue sasa. Njoo. Usije kama nesi, nesi ninaye. Njoo kama mpwa.

Mjomba


16 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nyingine nitazileta mwenyewe.

Likizo nilipewa ya mwezi wa saba. Barua yako ya ajali ilinikuta nimeshaanza kufunga mizigo. Nikaifungua mizigo. Nilikaa humu chumbani siku zote za likizo, nikisikiliza tarumbeta, halafu nikarudi kazini.

Na si wodi ya saratani tena. Mwokaji alifariki mwezi wa nne, kabla salamu zako hazijafika. Alifanya kila nilichomfundisha, Mjomba. Kila kitu. Alipima joto, alisema mapema, alikula, alikunywa, akafa kama waliokaidi. Wiki ile ile nililetewa mgonjwa mpya, nikavuta kistuli, nikafungua kinywa kusema "nesi ni wewe", na sauti haikutoka. Sasa niko kliniki ya macho. Nasoma herufi ukutani pamoja na wazee. Hakuna anayekufa kwa macho.

Sikuja kwa sababu nikikuona nitakusoma. Nitaangalia weupe wa jicho, mashavu, tumbo, nitajua ni lini. Siwezi kuzima. Nilitaka nibaki na mjomba wa kwenye barua.

Nimekata tiketi ya Jumamosi. Barua hii na mimi tutashindana njiani.

Mpwa wako


30 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Naandika maneno machache kila siku, mkaza mjomba wako ananishikia kiwiko. Ameniambia nikuambie kofia yako umeisahau na hairudishi, anaivaa.

Nimefurahi ulikuja. Nasema hivyo kwanza kwa sababu tuligombana.

Uliingia ukaniamkia, ukaweka begi chini, na kabla hujakaa ulikuwa umeshashika chupa zangu zote ukizisoma. Siku ya pili ulibadilisha saa za mofini. Siku ya tatu uliniamsha uninyweshe maji kwa kijiko nami sina kiu. Nikakufokea, "Toa mguu kwenye breki yangu!" Ukatoka nje ukaacha mlango wazi.

Hujui Sajenti alichoniambia alipokuja siku ile akakukuta uani. Alisema, "Huyu mtoto ameshakuona hadi mwisho. Mwache ashike kitu." Lakini kwako alisema vingine, nilisikia kupitia dirishani: "Dada, dozi zake anazijua. Wewe leo ni mgeni. Ingia ukae." Ukaingia ukakaa. Sijui tulikaa muda gani. Hatukuongea la maana. Uliniambia habari za mzee anayekariri herufi za ukutani ili asipewe miwani, tukacheka mpaka ikaniuma. Halafu ulilala pale pale kwenye kiti, mdomo wazi, unakoroma kama marehemu mama yako. Nilikutazama wakati wote uliolala. Nilikuwa na nafuu siku hiyo kuliko siku zote za mwaka huu.

Ulipoaga niliona ulivyonitazama jicho, halafu ukatazama saa yako, kama vile imeandikwa humo. Sikukuuliza. Asante kwa kutoniambia.

Sasa hali. Manjano imefika mpaka kwenye kucha. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, ndala hazinitoshi. Chakula nimekiaga. Mofini nakunywa kwa saa, "hapo" bado nasema mwenyewe, ingawa jana mkaza mjomba wako alisimamisha mkono kabla sijasema, nikamwachia. Maumivu yanafika mlangoni hayaingii. Mtu wa baiskeli anatembea kwa magongo, ameniletea ujumbe kupitia mkewe kwamba hajanisamehe lakini nisije tena, kwa kuwa mara ya mwisho aliona ninavyokwenda kwa shida. Nimeupokea hivyo hivyo ulivyo.

Sina la kukufundisha kuhusu wodi. Ukirudi, rudi. Ukibaki na wazee wa herufi, baki. Sajenti anasema naye aliwahi kukimbia akaenda kupima watoto uzito, na hasemi alirudi kwa nini.

Nimechoka. Mkaza mjomba wako anasema nimalizie.

Jibu la barua hii, mwanangu, mwandikie yeye.

Mjomba